Ndugu zako hawaongei na we uko katikati: namna ya kutochagua upande bila kuitwa ndumilakuwili

Wote tunaujua ule msemo, ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Msemo mzuri sana ila aliyeusema naona alikuwa jirani, hakuwa ndugu wa tatu. Jirani ndo anaweza kushika jembe akaondoka zake. We ambae kaka yako na dada yako hawasalimiani kisa kiwanja alichoacha mzee, au rafiki zako wawili walioana wameachana na wote wana namba yako, au mabosi wawili waliokuwa na duka moja wamegombana na we ndo unashika daftari la mahesabu, huna shamba la kukimbilia. Simu ikiita unaulizwa, usipopokea unahesabiwa. Haya nayoandika ni ya huyo mtu wa tatu, asietaka kuchagua upande na anataka ugomvi ukiisha abaki na watu wake wote wawili.

Kitu cha kwanza ambacho wengi wanakikosea, wanadhani kukaa katikati ni kukaa kimya. Kimya kila mtu anakitafsiri anavotaka bana. Kaka anasema amenyamaza kwa sababu anajua haki iko kwangu, dada nae anasema hivohivo, siku wakija kugundua wote walikuwa wanakuhesabia kwao ndo unaitwa mnafiki na hapo hujafanya lolote. Kukaa katikati kunatangazwa kwa mdomo, mapema, alafu kunalindwa kila siku kwenye vitu vidogo vidogo ambavyo ukiviona unasema aah hivi navyo ni vitu.

Waingereza wana msemo wao, mtu asiechagua upande wanasema amekaa juu ya uzio, na kwao ni kama tusi maana wanaona huyo anasubiri tu ashinde nani arukie huko. Wamarekani wakaongeza utani wao. Mwaka 1884 kuna wana Republican walimkataa mgombea urais wa chama chao, James Blaine, wakamuunga mkono Grover Cleveland wa Democrat, wakaitwa Mugwump, na baadae watu wakatania kwamba Mugwump ni ndege anaekaa juu ya uzio, uso huku makalio kule. Kinachochekesha ni kwamba hawa walikuwa wamechagua upande kabisa, na mtu wao akashinda. Kwa hiyo ujue tu mapema, majina utaitwa hata ukifanya kila kitu sawa.

Ila kuna mtu wa pili na huyu ndo mbaya, anaekaa na kaka wanamsema dada, jioni anakaa na dada wanamsema kaka, kote anakula kote anaaga vizuri. Anauma na kupuliza. Huyo hayuko katikati, yuko pande zote mbili kwa zamu, na akishikwa anapoteza wote.

Jiulize kwanza kama katikati ipo

Ugomvi mwingine hauna katikati na ukilazimisha utakuwa umechagua upande wa mwenye nguvu. Mi natumia swali moja: je hawa wawili kila mmoja anaweza kusimama mwenyewe hata mwenzie akikataa kuelewana? Ndugu wawili wazima wanagombania mpaka wa shamba, wote wana kauli na wote wana pa kulala, hapo katikati ipo. Mume anampiga mke, haipo. Usije na "mi nawapenda wote", Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kifungu cha 66 inasema wazi hamna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, sasa we unakaa katikati ya sheria na nini? Mjane anatolewa vyombo nje na mashemeji kabla hata arobaini haijafika, haipo. Mtoto anaumizwa, haipo. Mweka hazina wa kikoba kala hela na daftari linaonyesha, hapo nako hamna mjadala wa pande mbili, kuna hela inatakiwa irudi.

Mtu wa mfano hapa ni Mwalimu Nyerere. Tanzania ilikuwa nchi isiyofungamana na upande wowote, haikutaka kuwa ya Wamarekani wala ya Warusi, lakini Ian Smith alipojitangazia uhuru wake wa kizungu kule Rhodesia, sa hivi Zimbabwe, tarehe 11 Novemba 1965 na Uingereza ikasitasita kumshughulikia, Mwalimu hakusema ngoja tuone. Disemba ileile Tanzania ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa unakuja ukasimama. Kutofungamana kulikuwa kwa ugomvi wa wakubwa wawili wenye mabomu, haikuwa kwa mtu anaenyimwa kura nchini kwake. Ukiweza kutofautisha ugomvi wako uko kundi gani kati ya hayo mawili, nusu ya kazi umemaliza.

Sema mapema, kwa wote, kwa maneno yaleyale

Ukishajua katikati ipo, usisubiri uulizwe. Ndani ya siku ileile uliyopata habari, au ikizidi sana kesho yake, waambie wote wawili. Maneno yawe yaleyale kabisa maana wataja kuyalinganisha, usidhani hawataongea kamwe, watu wanagombana miaka alafu wanakutana msibani usiku mmoja kila kitu kinatoka.

Kwa dada mkubwa mathalan ningesema hivi: "Dada shikamoo. Hili la kiwanja nimelisikia kwako na nimelisikia kwa kaka. Mi sitasema nani ana haki, sio kwako, sio kwake, wala kwa mama. Mambo mengine yote nipo, ukiumwa nipigie, ukikwama nipigie. Na kaka nimemwambia hivihivi." Sentensi ya mwisho ndo yenye kazi, bila hiyo anaweza kudhani umemkwepa yeye tu. Na hiyo ya mama usiiache, maana upande mmoja ukishindwa kukupata wewe utapitia kwa mama, na mama akikuuliza kwa upole jikoni unakata kitunguu, utasema.

Usitoe sababu. Hapa ndo watu wanajiharibia, anasema "sitaki kuingilia kwa sababu mi mdogo" anajibiwa mdogo gani una watoto wawili, "kwa sababu sijui ukweli" anaambiwa kaa nikueleze ukweli, unakalishwa masaa matatu na makaratasi ya mauziano. Sababu ni mlango. Sema tu hutasema.

Nani aanze kuambiwa? Wengi watakwambia mkubwa kwanza, kwa heshima, na kwa ndugu wa damu nakubali, mkubwa mfuate kwake ukae chini usimtumie meseji. Lakini kama ugomvi ni wa kaka yako na shemeji, naona anza na kaka yako hata kama ni mdogo kwako, maana yeye ndo ana uhakika uko kwake, na huyo ndo atakaeumia zaidi akisikia kwa mtu mwingine kuwa hauko. Shem au wifi alishajiandaa kukupoteza, ukimpigia atashangaa hata kwamba umempigia.

Mdomo

Sasa hapa ndo pagumu kuliko pote. Kiswahili chetu kina tabia, mtu akiongea lazima umwitikie, eeh, mmh, kweli, enhee, la sivyo anauliza upo? Unaitikia tu ili aendelee, kumbe yeye anahesabu. Wiki ijayo unasikia "hata mdogo wetu alikubali, alisema kweli". Na ulisema kweli, tena mara kumi na tano.

Kwa hiyo badilisha viitikio. Acha eeh na kweli, tumia "nakusikia", "duh", "ikawaje", na zaidi ya vyote tumia pole. Pole ni neno la ajabu, halisemi nani kakosea. Umenyang'anywa kiwanja pole, umeshtakiwa kwamba umenyang'anya kiwanja pole pia, na kote umesema ukweli maana kote mtu anaumia. Mpe pole ya kutosha mpaka achoke yeye.

Atauliza tu, "kwani we uko upande gani?" Usijibu sijui, atadhani anaweza kukufundisha. Usijibu "wote mna makosa", hiyo ni hukumu bana, tena hukumu ya kuwafunga wote wawili, na mtu anaejiona ana haki atakuchukia kuliko ambavyo angekuchukia ukimwambia wazi umemkataa. Jibu langu ni fupi, "niko upande wa nyie kuja kuongea tena", alafu hamisha mada, uliza watoto wamefunga shule lini. Akirudia jibu vilevile. Mara ya tatu aga, sema unaenda kuchota maji, sema bodaboda amefika.

Kitu kingine ni kumsikiliza mtu kwa muda mrefu mno. Ukimsikiliza mmoja kila usiku saa nzima, hata usiposema neno akili yako itahamia kwake, sio kwa unafiki, ni kwamba umesikia kesi yake mara thelathini na ya mwenzie mara moja. Kama umeona unaanza kusema moyoni "ila kweli kaka kazidi" basi jua umeshasikiliza sana upande mmoja, nenda kakae na kaka.

Simu, ambayo ndo inamaliza watu

Zamani ugomvi wa ukoo ulikuwa kwenye vikao, sa hivi uko kwenye grupu la WhatsApp na kila kitu kinabaki kimeandikwa. Dada akirusha voisi ya dakika saba usiku, usiweke dole gumba, usiweke moyo, usiweke hata ile ya mikono imekutana, maana upande wa pili utasema ameshukuru nini. Ukiweza usiifungue mpaka wengine kumi wameifungua. Usifowadi voisi ya mtu kwa mtu mwingine yeyote, hata kwa mumeo, hata ukisema isikilize alafu ifute. Ukiletewa skrinishoti ya maneno ya mwenzie jibu "hii usinitumie, naifuta" na uifute kweli, maana hatari ya skrinishoti ni kwamba ukishaiona huwezi kusema hukujua.

Ukiwa admini wa grupu ndo balaa. Watakwambia mtoe fulani. Usimtoe mtu. Kama moto umezidi funga grupu zima waweze kuandika maadmini tu kwa siku mbili tatu, hiyo inawagusa wote sawa, alafu waandikie kwamba taarifa za misiba na michango watumiwe maadmini wazirushe wao.

Stetasi nazo. Wakati wa ugomvi usiposti methali yoyote. Yaani yoyote, hata ya kumtakia mtu asubuhi njema. "Mwenye haki hashindwi" unaona ni neno la Mungu, kuna mtu anaisoma kama kijembe chake na kuna mwingine anaisoma kama ushindi wake. Aya za dini ziache kidogo pia, posti mtoto wako, posti chakula. Na nyie dada zangu kwenye shughuli angalieni kanga jina lake kabla hamjavaa, nimeona arobaini moja ilivyochafuka kwa sababu ya kanga iliyonunuliwa kwa rangi tu, mvaaji wala hakuisoma, ila iliandikwa maneno ambayo upande mmoja ulikuwa na uhakika yameandikwa kwa ajili yao.

Vipimo

Watu wanahesabu miguu yako. Idi umeenda kwa kaka mchana ukala, kwa dada umepita jioni dakika kumi umesimama mlangoni, hiyo tayari ni habari. Gawa, mchana huku jioni kule, mwaka unaofuata geuza. Mchango wa harusi ya mtoto wa huyu na ya mtoto wa yule uwe sawa mpaka shilingi, na kama hali yako imebadilika katikati mwambie mwenyewe mdomo kwa mdomo kabla kamati haijasoma majina.

Ila usawa una mwisho wake na hapa nawapenda Msalaba Mwekundu. Ile kamati yao ya kimataifa ilianzishwa Geneva mwaka 1863, wanaingia vitani pande zote, na kwenye misingi yao wametenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavichanganya. Kimoja ni kutokuwa na upande kwenye ugomvi wenyewe. Cha pili ni kutobagua mtu kwenye kusaidia, na kusaidia kwao kunafuata shida, alieumia zaidi anahudumiwa kwanza hata kama ni wa upande uleule kila siku. Kwa hiyo dada akilazwa wiki mbili na we ukawa unaenda kila siku, kaka akinuna mwambie na wewe ukilazwa nitakuja kila siku. Ugonjwa, msiba, mtoto karudishwa nyumbani kisa ada, hivyo havihesabiwi kwenye mizani, na mtu akitaka uvihesabu ndo umjue.

Hao hao wanatufundisha kingine kuhusu siri. Wanapotembelea wafungwa wa vita wanachokiona hawakitangazi kwenye redio, wanamwambia anaewashikilia, ndo maana mlango unafunguliwa tena kesho. Hiyo ndo faida ya kufunga mdomo, unaendelea kuingia kote. Na ina hasara yake, wakati wa vita ya pili ya dunia walijua mambo ya makambi ya Wanazi na hawakupaza sauti hadharani, baadae wao wenyewe wakakiri walishindwa. Narudi palepale kwenye swali la mwanzo, kuna vitu ukivijua kukaa katikati kunaisha.

Ukitumwa, na ukiombwa usuluhishe

Kutumwa maneno kataa. "Mwambie kaka yako kwamba..." hapana. Ukibeba neno njiani linabadilika sauti, dada alilisema analia we utalifikisha kama anatukana. Mi nabeba vitu vitatu tu, tarehe, hesabu, na habari ya msiba au ugonjwa. Kikao ni jumamosi saa nne, ada ya wakili ni kiasi fulani, bibi amelazwa. Basi.

Kusuluhisha ni kazi nyingine kabisa na usiingie kwa kuombwa na mmoja. Mmoja akikuomba bila mwenzie kukubali, umeajiriwa na huyo mmoja. Wakubali wote wawili, kila mtu akwambie mwenyewe.

Wakikubali, angalia walivofanya Kenya 2008 baada ya ule uchaguzi wa Disemba 2007 uliozaa vurugu, maana naona mle kuna mafunzo hata ya kugawana kiwanja. Kofi Annan, aliekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alifika Nairobi Januari akiwa na Benjamin Mkapa na Graça Machel. Kila upande ukatoa watu wanne wa kuzungumza, wa Rais Kibaki wanne, wa Raila wa upinzani wanne, idadi sawa. Kuna wakati akawatoa kabisa mjini akawapeleka kwenye loji ya Kilaguni kule mbuga ya Tsavo Magharibi, mbali na waandishi wa habari na wapambe. Mazungumzo yalipokwama mwisho wa Februari akayasimamisha, akawaweka pembeni wale wajumbe wote akaenda kuongea na wenyewe wawili, Kibaki na Raila, na Rais Kikwete akiwepo kama mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Tarehe 28 Februari wakasaini mkataba wa kugawana madaraka.

Sasa chukua hiyo ulete nyumbani. Usifanyie kikao nyumbani kwa mmoja wao, wala kwako kama kwako ndo kwenye kile kiwanja, tafuta kwa mjomba au shangazi ambae hana maslahi. Kila mmoja aje na mtu mmoja, usikubali mmoja aje na watu sita mwingine peke yake. Na ukiona wanaoongea zaidi ni mawifi na wapambe na sio wenye kesi, wanyanyue wote wakapike chai, bakisha wenyewe wawili. Mara nyingi ugomvi una wenyewe wawili na wenye faida nao kumi.

Kama ni ardhi na imeshindikana, kwa Tanzania kuna baraza la kata, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 kwenye kesi za ardhi kazi yake ni kusuluhisha tu haliamui tena nani mshindi, likishindwa ndo watu wanaenda baraza la ardhi la wilaya. Kama ni ndoa kuna baraza la usuluhishi la ndoa, na kesi ya talaka kwa kawaida haipokelewi mahakamani bila kupita huko kwanza. Nayataja haya kwa sababu wewe ndugu wa tatu ukiona imekuzidi una pa kuwapeleka, na ukisema "twendeni baraza" hujachagua mtu.

Bei yake

Kuna watakaonuna, na usipokubali hilo toka mwanzo utaanza kubembeleza, na kubembeleza ndo kunakupeleka kwenye kuuma na kupuliza. Nimrudie Mwalimu. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki, alafu Aprili Muungano ukaja, na Ujerumani Magharibi ilikuwa na msimamo kwamba nchi ikiitambua Mashariki wao wanakaa pembeni. Mwalimu akatafuta katikati, Mashariki wapewe ofisi ya konseli Dar es Salaam bila kutambuliwa kamili. Magharibi hawakuridhika, mwanzoni mwa 1965 wakaondoa msaada wao wa kijeshi ghafla ili kumbana, Mwalimu akawaambia basi chukueni na misaada mingine ya serikali iliyobaki. Iliiuma nchi changa ile, lakini baada ya hapo nani angesema msimamo wake unanunuliwa? Kaka akikwambia "basi ile hela niliyosema nitakukopesha sahau" mwambie sawa kaka, na usiikumbushe.

Na hata uwe nani utatiliwa shaka. Huyohuyo Nyerere alipokuwa msuluhishi wa vita ya Burundi, Pierre Buyoya alipochukua nchi kwa mapinduzi Julai 1996 na majirani, Tanzania ikiwemo, wakaweka vikwazo, upande wa Buyoya wakawa wanasema mzee huyu hayuko katikati. Na ukiangalia walikuwa na hoja, nchi yake imekuwekea vikwazo alafu yeye anakusuluhisha. Aliendelea nao Arusha mpaka alipofariki Oktoba 1999, Mandela akachukua, na mkataba wa amani ukasainiwa Agosti 28 mwaka 2000. Kwa hiyo ukiambiwa unapendelea usikimbilie kukasirika, sikiliza, inawezekana kuna kitu wanakiona we hukioni, labda mumeo ana hisa kwenye lile duka, labda unakaa nyumba ya kaka bure. Kama kipo kiseme mbele ya wote, "ni kweli nakaa kwa kaka, mjue hivyo". Kikishasemwa kinapungua makali.

Ukitaka kutoka katikati

Inatokea. Umekaa miezi, alafu inaonekana hati imeghushiwa, au mmoja kaanza kutishia watoto wa mwenzie. Hapo chagua, ila kuna utaratibu. Anaetakiwa kujua wa kwanza ni yule unaemwacha, sio yule unaemfuata. Mfuate, mwambie nilisema sitachagua, ila baada ya hii hati siwezi tena, nitasema nilichokiona. Usimwambie kupitia grupu. Atakasirika lakini hatasema ulimzunguka, na hilo lina thamani baadae. Alafu sema kile kitu kimoja tu ulichokiona, ya miezi yote ile aliyokwambia akilia usiyaguse, hayo alimwambia mtu aliekuwa katikati.

Ila mara nyingi haifiki huko. Mara nyingi wanapatana wenyewe, tena ghafla, kwenye msiba wa mtu au harusi ya mtoto, unawakuta wanacheka na kushikana mabega kama hamna kitu kilitokea. Hapo usiwakumbushe ulivyoteseka, na wakikuuliza "hivi huyu alikuwa ananisemaje" jibu sikumbuki. Jioni ingia kwenye simu ufute zile voisi zote zilizobaki. Na usishangae wakishapatana wakaanza kukusema wewe, kwamba muda wote ule ulikuwa umekaa tu unaangalia hukutusaidia, watasema, na watakuwa wanasema wote wawili kwa pamoja.